"Kuboresha", "Kusasisha" na "Kupiga Windo": Uhakiki wa Istilahi za Kubadili Mfumo wa Kompyuta Kongwe

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, baada ya miaka kumi tangu mfumo huo utolewe mwaka 2015. Kwa ofisi kubwa jambo hilo lilikuwa la bajeti na zabuni. Kwa mwenye kompyuta moja tu ya mezani nyumbani kwake lilikuwa swali zito zaidi: mashine hii kongwe ibadilishwe mfumo, iachwe kama ilivyo, au itupwe? Katika makala haya hatukusudii kumfundisha mtu huyo ufundi. Tunakusudia kuyapima maneno ya Kiswahili anayopewa siku anapofanya uamuzi wake, kwa sababu katika shughuli hii neno lililochaguliwa vibaya laweza kumpotezea msomaji kazi ya miaka mingi.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka miwili kabla ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967. Mwaka 1974 Serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo, wakati vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kuwafikia watafsiri katika miaka hiyo ya 1970, chombo chenyewe kilikuwa cha watu wachache mno. Mjadala ulikuwa juu ya jina lake: iitwe ngamizi, au tarakilishi, au kompyuta? Wananchi wakaamua wenyewe, nasi hatuna haja ya kurudi huko. Lakini tuliposhughulika na majina ya vitu, yaani kipanya, puku, kibodi na baobonye, tulisahau kwa muda mrefu vitenzi. Na mtu aliye mbele ya kompyuta hasumbuliwi na jina la kipanya. Anasumbuliwa na kitenzi kilichoandikwa juu ya kitufe anachotakiwa kubonyeza.

Kazi ya kuleta vitenzi ilifanywa kwa kishindo mwaka 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizo huru na zenye Kiswahili. Microsoft nayo ikafuata kwa kutoa Kiswahili cha Windows. Tunazipongeza kazi hizo mbili. Hata hivyo Kiswahili cha Windows kina tabia moja ambayo watafsiri wengi hawaifahamu. Si mfumo ulioandikwa kwa Kiswahili. Ni tabaka linalotandikwa juu ya mfumo wa Kiingereza, na halikufunika kila mahali. Menyu husema Kiswahili, na madirisha mengi ya mipangilio husema Kiswahili. Lakini anayetaka kuweka mfumo mpya kwa diski au kwa flashi hukutana na Kiingereza kuanzia kioo cha kwanza, kwa kuwa kisakinishi chenyewe hakitolewi kwa Kiswahili. Lugha yetu basi humsindikiza mtumiaji hadi mlangoni na kumwacha hapo, na mlango huo ndio penye hatari.

Tuuchukue mfano mmoja. Tuseme yuko mwalimu mstaafu katika kata ya Chonyonyo, wilayani Karagwe. Nyumba yake imezungukwa na migomba na mibuni, kama nyumba nyingi za huko. Kompyuta yake ya mezani ni ya mtumba, iliyotengenezwa karibu na mwaka 2010, ikaja na Windows 7, ikahamishiwa baadaye kwenye Windows 10. Ndani yake mna mitihani aliyoitunga kwa miaka mingi, daftari la mahesabu ya kahawa la kikundi cha wakulima, na maneno ya Kinyambo aliyokuwa akiyakusanya kutoka kwa wazee. Fundi yuko Kayanga, makao makuu ya wilaya. Kijana wa jirani anayesoma sekondari ndiye mfasiri wa yale yanayotokea kwenye kioo. Mwalimu huyu ni wa kubuni, lakini kila msomaji wetu aliyefanya kazi mkoani anamfahamu mtu wa namna hiyo.

Neno la kwanza atakalolisikia ni "kuboresha". Limeenea sana, na linaonekana halina kosa. Kuboresha ni kufanya bora. Lakini je, ni haki istilahi ya ufundi itoe hukumu kabla ya tendo kutendeka? Windows 11 hutaka kichakataji cha biti 64 chenye viini viwili au zaidi, kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, na chipu maalumu ya usalama ya toleo la 2.0. Tena Intel zinazokubaliwa ni, kwa jumla, zile za kizazi cha nane na kuendelea, yaani za kuanzia mwaka 2017. Mashine ya mwaka 2010 haimo. Wapo wanaoilazimisha kwa njia za pembeni, na mara nyingi matokeo yake ni kompyuta inayochukua muda mrefu kuwaka na inayokwama mwenye kazi anapofungua faili la pili. Kompyuta hiyo imeboreshwa? Kwa mujibu wa kitufe, ndiyo. Mwalimu akilalamika, ataonekana kama mtu asiyejua kushukuru.

Wengine wamejaribu "kupandisha daraja". Twaona kosa hapa ni la kuchekesha zaidi kuliko la hatari. Mtumishi wa umma akisoma maneno hayo hukumbuka barua yake ya kupanda cheo, na mwalimu huikumbuka Tume ya Utumishi wa Walimu. Daraja likipanda, mshahara nao hupanda. Kompyuta kongwe iliyowekewa mfumo mpya hupewa majukumu mapya kwa mshahara uleule, yaani kumbukumbu ileile na kichakataji kilekile. Kuna na "pata toleo jipya", lililozoeleka katika simu. Hili lina sifa ya kuwa wazi, na neno "toleo" ni jema kabisa, kwa kuwa msomaji wa magazeti na vitabu analijua. Ila "pata" linanong'ona habari ya zawadi, tena halisemi lolote juu ya lile toleo la zamani litakwenda wapi.

Sisi tunapendekeza "kuhamia toleo jipya". Kuhama ni jambo ambalo kila kaya inalielewa. Anayehama hubeba vyombo vyake. Anaweza kusahau kimoja. Chombo kingine hakienei katika nyumba mpya. Na kabla ya kuhama mtu mwenye busara huiangalia nyumba anayokwenda. Neno halisemi kwamba nyumba mpya ni bora. Uamuzi huo ni wa mwenye vyombo. Linakwenda vizuri pia na "kusakinisha", neno lenye mzizi wa Kiarabu wa kukaa, ambalo limepokelewa bila matata.

"Kusasisha" nalo tusiliondoe, bali tulifungie mipaka. Limejengwa juu ya "sasa", nalo lafaa kwa yale marekebisho madogo yanayotolewa ndani ya toleo lilelile. Katika maofisi ya Serikali neno linalotawala ni "kuhuisha": watumishi huambiwa wahuishe taarifa zao. Hatuoni ugomvi baina ya maneno haya mawili. Taarifa zihuishwe, programu zisasishwe. Lisiloruhusika ni kulitumia "kusasisha" mahali pa kuhamia toleo jingine, kama tulivyoona likitumiwa katika maelezo mengi, kwa maana hapo mtu hudhani amekubali kutiwa kiraka kwenye shati, kumbe amekubali shati libadilishwe.

Sasa tufike kwa fundi wa Kayanga. Yeye hasemi kuboresha, wala kusakinisha, wala kuhamia. Husema "kupiga windo". Neno hili halimo katika orodha sanifu tunazozijua, lakini utalisikia Bukoba, Mwanza na Kariakoo. Wapo wenzetu watakaolikunjia uso. Tunawaomba wasiharakishe. Kwa upande wa sarufi ni neno lenye afya: Kiswahili kinapiga pasi, kinapiga deki, kinapiga rangi, kinapiga chapa, kinapiga simu na kupiga picha. Kitenzi "piga" hubeba kazi inayofanywa kwa chombo fulani hadi ikamilike, na fundi ameliweka jina la bidhaa pale hasa ambapo wazee wake waliliweka neno pasi. Hakuna kamati iliyomwelekeza. Kama kipimo cha istilahi ni kueleweka na kutumika, basi "kupiga windo" imeyashinda mapendekezo yetu yote.

Kasoro yake iko penginepo. Kama vile kupiga deki ni kuondoa kilichokuwa sakafuni, kupiga windo, kwa desturi ya mafundi wengi, ni kufuta sehemu ya diski yenye mfumo wa zamani na kuweka mfumo mpya juu ya uwanja mtupu. Fundi analijua hilo na kwake limo ndani ya neno. Mteja halijui. Fundi akiuliza, "Mwalimu, nikupigie windo?", Mwalimu husikia habari ya matengenezo, kama kupigiwa rangi nyumba, na nyumba ikipigwa rangi vyombo haviteketei. Watu wengi huweka mafaili yao juu ya eneo-kazi, yaani kile kioo cha kwanza, au katika folda ya nyaraka. Vyote viwili kwa kawaida hukaa katika sehemu ileile ya diski inayofutwa. Mitihani, mahesabu ya kahawa na maneno ya wazee hupotea kwa pamoja, na hakuna aliyesema uongo.

Kwa hiyo hatupendekezi neno hili lipigwe marufuku. Marufuku ya Baraza hayafiki kwenye vibanda vya mafundi. Tunapendekeza likubaliwe kama neno la mazungumzo na lipewe maana moja iliyoandikwa: kusakinisha mfumo upya baada ya kufuta. Likiingizwa hivyo katika kamusi, mwalimu wa kompyuta ataweza kuwaambia wanafunzi wake kwamba kuhamia toleo jipya ni jambo moja, na kupiga windo ni jingine. Leo hana pa kulisoma.

Tukija kwenye neno "hifadhi", hapo ndipo tunapoona uzembe wetu wenyewe, sisi wa maofisi na vyuo. Neno hili tumelibebesha kila mzigo. Mwandishi akimaliza barua yake, kitufe humwambia "Hifadhi". Nafasi iliyobaki katika diski huitwa "hifadhi". Nakala ya pili ya kazi huitwa "hifadhi" ikiongezwa kivumishi. Kuacha kitu kisifutwe ni "kuhifadhi". Na nje ya kompyuta kuna Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mkoani Kagera kwenyewe kuna Hifadhi ya Burigi-Chato. Neno lenye maana nyingi si dhambi. Kiswahili kina "kaa" na "panda", na tunaelewana. Lakini kuna mahali pamoja ambapo maana hizo hugongana vibaya.

Anayehamia toleo jipya kwa kisakinishi cha Windows hufika kwenye kioo kinachomuuliza abakize nini, na anapewa njia tatu: mafaili yake pamoja na programu, mafaili peke yake, au asibakize kitu. Kioo hicho ni cha Kiingereza, na njia ya tatu imeandikwa kwa neno moja tu. Kijana wa jirani hutafsiri kwa mdomo: "Wanauliza uhifadhi nini. Hii hapa ni hifadhi mafaili na programu, hii hifadhi mafaili, hii hakuna." Mwalimu anakumbuka kwamba kazi zake alikwisha kuzihifadhi, alibonyeza "Hifadhi" kila jioni, kama alivyofundishwa. Hana la kuhifadhi zaidi. Anasema, "Basi weka hakuna." Mfumo unamtii.

Je, kosa ni la kijana? La hasha. Alitumia istilahi sanifu kwa usahihi kamili. Angekuwa na kitenzi tofauti asingelikosea. Na kitenzi kipo, tena ni cha jikoni: kubakiza. Mama akimwambia mtoto "mbakizie baba chakula", hakuna anayedhani kwamba chakula kimekwisha kuhifadhiwa mahali pengine. Tunapendekeza basi vioo vya namna hii viandikwe "Bakiza mafaili na programu", "Bakiza mafaili tu" na "Usibakize kitu". Hiyo ya tatu inatisha kidogo, na inastahili kutisha. "Hakuna" haimtishi mtu. Katika nchi yetu ni mwanzo wa "hakuna shida".

Mfano wa neno lililofaulu kwa njia hiyohiyo ni "kupakua". Kabla ya kompyuta lilikuwa la sufuria na mwiko. Limehamia kwenye mtandao bila kufundishwa, kwa sababu mwendo wa tendo ni uleule: kitu kilikuwa katika chombo kikubwa, sasa kiko katika sahani yangu. Hata bei yake inaeleweka. Kisakinishi cha Windows 11 kina gigabaiti zaidi ya 5, na mnunuzi wa kifurushi cha data huko Chonyonyo anajua kwamba hiyo ni sahani kubwa. Tungependa kila istilahi ipimwe kwa kipimo cha "pakua" kabla ya kuchapwa.

Neno "msaada" halifaulu kipimo hicho. Tangazo la Oktoba 2025 limetafsiriwa mara nyingi kuwa ni "mwisho wa msaada" kwa Windows 10. Katika vijiji vyetu msaada ni mahindi ya njaa, au mradi wa wafadhili. Msaada ukiisha, mtu hujitegemea na maisha huendelea. Lakini lililokoma hapa ni wajibu wa mtengenezaji wa kuziba nyufa zinazogunduliwa katika kazi yake mwenyewe, nyufa ambazo wezi wa mtandaoni hupitia. Watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha waliongezewa muda wa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Na hilo nalo, likiitwa msaada, husikika kama hisani. "Ukomo wa matunzo" lingekuwa karibu zaidi na ukweli, maana anayeacha kutunza anajulikana ni nani.

Kuna na lile agizo la "Usizime kompyuta yako", linalotokea wakati kazi inaendelea. Twalitaja kwa ufupi. Halina kosa la lugha, ila ni agizo lililoandikwa na mtu ambaye umeme wake haukatiki. Kwa miaka mingi umeme wa Kagera ulitoka Uganda, na mwenyeji wa huko anajua kwamba mara nyingi anayezima kompyuta si yeye. "Hakikisha umeme hautakatika" lingemfanya Mwalimu asubiri, au aazime betri ya akiba, kabla ya kuanza. Kutafsiri ni pamoja na kuuliza agizo hili anapewa nani, na yuko wapi.

Ama kuhusu "mfumo endeshi", hatuna ugomvi nalo. Limejengwa vizuri, na neno "mfumo" lina asili nzuri ya kufuma. Tatizo ni kwamba katika ofisi za umma "mfumo" limekuwa jina la kila kitu, na "mfumo uko chini" ni jibu la kila swali dirishani. Watafsiri wakiandika "mfumo" peke yake, bila "endeshi", watakuwa wamemjibu msomaji kwa namna ileile ya dirishani.

Limebaki neno la ile nakala ambayo Mwalimu alitakiwa kuitengeneza kabla ya yote. Wapo wanaosema "chelezo", na wengi husema "nakala rudufu". La pili lina matatizo yake kwa walimu. Walimu wa zamani walikuwa na mashine ya kurudufu mitihani, na kurudufu kwao ni kutoa nakala nyingi zigawiwe darasani. Mwalimu wetu akiambiwa arudufu mafaili, atatengeneza nakala ya pili na kuiweka kando ya ile ya kwanza, katika diski ileile, na fundi atazifuta zote mbili kwa pigo moja. Sisi twaona "nakala ya akiba" inafaa zaidi. Mkulima wa Karagwe haweki mbegu ya msimu ujao katika chungu kinachopikwa. Akiba yake hukaa mahali pengine, na kwa kompyuta mahali hapo ni flashi au diski ya nje iliyochomolewa kabisa kabla fundi hajaanza kazi. Tungependa kusikia kutoka kwa wasomaji wetu, hasa walimu wa TEHAMA walioko wilayani, ni neno gani wanafunzi wao hulielewa bila kufafanuliwa, ili lipelekwe mbele ya kamati ya istilahi pamoja na "bakiza" na "hamia toleo jipya".